Wimbo Usioulizwa Jina

Nkoaranga, Meru
8 Machi 1954

Shemeji Philemoni,

Pokea salamu zetu, wewe na wote unaokaa nao huko Nairobi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Anyesi anakimbia huku na huku na kuvunja vikombe, migomba imesimama vizuri, mvua inanyesha. Kaka yako tu ndiye si mzima. Kifua kimembana tangu Krismasi na mwili umekwisha kabisa, ukimwona utadhani ni baba yenu.

Jumamosi tuliteremka mjini kwa daktari. Tulipotoka, Ndesanjo akataka tupitie dukani kwa Hemant, yule anayeuza santuri karibu na soko. Unamjua kaka yako, mgonjwa au mzima hawezi kuupita mlango ule. Hemant akamkalisha kwenye kiti akamwambia, "Ngoja nikusikilizishe kitu kipya, mpiga gitaa wa Nairobi, bado hakuna anayemjua." Akazungusha mpini wa gramafoni, akaweka sindano.

Shemeji, mimi ndiye niliyeutambua kwanza, maana wimbo ule ni mimi! "Ndeshi wa Nkoaranga, teremka nikuone." Ndesanjo aliutunga kabla hajanioa, kafunga penseli kwa uzi kwenye shingo ya gitaa ili kuzibana nyuzi, na wewe ukimpigia chupa ya soda kwa kijiko. Wewe! Chupa! Sasa nasikia "Roza wa Nairobi, teremka nikuone." Roza ndiye nani? Na teremka ya Nairobi ni ya kuteremka kutoka wapi, huko kwenu kuna mlima?

 Kaka yako aliomba aione ile karatasi nyekundu ya katikati ya sahani. Imeandikwa: mtungaji na mpigaji, Philemoni. Akamrudishia Hemant, akamshukuru. Tulipofika njia panda ya kupandia kwetu ndipo akasema, "Mwandikie Phile aweke jina langu. Sitaki kingine."

Hilo tu, shemeji. Jina lake. Mimi ningetaka na mengine, lakini mimi sikuulizwa.

Ni mimi shemeji yako,
Mama Anyesi


Nairobi
2 Aprili 1954

Mpendwa shemeji Mama Anyesi,

Natumaini barua hii itawakuta katika hali njema. Mimi huku ni mzima, kazi ni nyingi, na baridi ya huku haina adabu. Nimesikitika sana kusikia habari za kifua cha kaka. Mpe asali na limau, na asikae nje jioni.

Kuhusu ile santuri, shemeji, usikasirike. Wewe mambo ya studio huyajui. Mtu anasimama mbele ya mikrofoni, Bwana Mehboob mwenye kampuni ameshika saa, ukikosea sahani imeharibika. Aliponiuliza jina la mtungaji nilibabaika nikasema langu. Na Ndeshi nilimbadilisha kwa sababu watu wa huku hawalijui jina hilo, Roza wanamjua. Ni biashara tu. Mimi na kaka ni damu moja, jina langu si jina lake?

Hata hivyo nitazungumza na Bwana Mehboob. Na Agosti nikipata nafasi nitakuja kumwona. Mwambie watu wanaucheza wimbo mpaka viatu vinatoboka. Sasa hivi kila bendi ya jazi hapa inaniuliza ule mtindo wa kidole gumba nimeutoa wapi.

Wasalaam,
Shemeji yako, Phil wa Nairobi


Nkoaranga
20 Juni 1954

Shemeji,

Hujambo? Sisi tupo. Ndesanjo hanyanyuki tena bila kushikwa. Nilimsomea barua yako. Nilipofika pale unapouliza jina lako si jina lake, alicheka mpaka akakohoa damu. Nikamnyang'anya ile karatasi nikaichoma jikoni.

Gitaa halimudu tena. Lakini kila siku anamwita Mikaeli, mkubwa wa tarumbeta za kanisani, wanakaa chumbani wananong'ona do-re-mi, mmoja akiimba mwingine akiandika. Ukiwauliza wanatunga nini wanakutazama kama wezi wa sukari.

Bado anauliza, "Phile amejibu nini kuhusu jina?" Nimwambie nini? Usingoje Agosti. Panda basi la Namanga wiki hii, ukae kitandani kwake, umwambie kwa mdomo wako. Ukifanya hivyo mimi nitafunga mdomo wangu, na unajua mdomo wangu.

Shemeji yako,
Mama Anyesi


Nairobi
11 Septemba 1954

Mpendwa shemeji,

Nimepata simu ya kifo cha kaka. Pole, pole sana, pole na kwa mtoto. Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

Najua mlinitazamia mazishini. Shemeji, Nairobi ya sasa si ya kutoka ovyo. Hii Hali ya Hatari imetufungia kama kuku, bila kibali hutoki, na kibali niliomba wakaninyima. Nililia peke yangu chumbani. Naamini mlimzika kwa heshima na tarumbeta zilipigwa. Ile habari ya jina nilikuwa mbioni kuishughulikia, lakini sasa kaka ameitangulia, tumwachie Mungu.

Gitaa lake likiwa halina mtu wa kulipiga, nitunzie.

Ni mimi mwenye majonzi,
Shemeji yako Philemoni


Nkoaranga
3 Oktoba 1954

Philemoni,

Hali yangu usiulize.

Tulimzika Alhamisi, Agosti kumi na tisa. Watu walijaa kutoka Nkoaranga mpaka barabara kuu, Wahindi wa mjini walikuja, Hemant alifunga duka. Tulikungoja mpaka mchungaji akasema jua linazama.

Jana nimemkuta Hemant anasoma gazeti la Kiswahili la huko kwenu. Ametaka kulificha, maskini, ana haya kuliko wewe. Ndani kuna picha yako. Umevaa suti nyeupe, umekumbatia gitaa, unacheka. Chini wameandika kwamba Jumamosi ile, siku mbili baada ya kumfukia ndugu yako, ulikuwa Kampala unachezesha watu. Kibali cha kwenda Kampala kilipatikana eh? Hali ya Hatari ilikuwa kwenye njia ya Namanga tu?

Mume wangu amekufa anauliza umejibu nini. Gitaa lake hutalishika ningali hai. Sikulaani, kulaani ni kazi ya wazee wa ukoo. Mimi nakuambia tu kwamba nitakulipa. Sijui kwa kitu gani na sijui lini, ila nitakulipa, na utanikumbuka.

Usiniandikie.

Mke wa Ndesanjo


Nairobi
14 Mei 1956

Mpendwa shemeji Ndeshi,

Najua uliniambia nisiandike. Lakini damu ni damu. Mzima lakini? Anyesi sasa ni binti, ameanza shule? Nawasalimu nyote kwa upendo, na yaliyopita nimeyaweka nyuma, naomba nawe uyaweke.

Nina shida, na nimeona nije kwenu. Bwana Mehboob amenipa kazi kubwa ya kumtafutia wapiga gitaa wapya. Watu wamechoka na wale wale. Kila wiki anataka mtu ambaye hakuna amjuaye, mwenye vidole vyake mwenyewe, si wa kuiga Wakongo. Nimezunguka Kiambu, Thika, Machakos, nakuta wote wanapiga mtindo mmoja, na mtindo wenyewe ni ule wa Roza. Ha ha! Mimi mwenyewe tangu Roza sijapata wimbo uliokwenda. Bwana Mehboob ameanza kunitazama kwa jicho la upande. Nisipomletea kitu mwaka huu amesema nitarudi kubeba maboksi ghalani.

Wewe una sikio, tangu kwaya ya shule nalijua. Huko Meru lazima kuna mtu amejificha. Nitafutie, shemeji. Sitakusahau.

Shemeji yako mpenzi,
Phil


Nkoaranga
9 Juni 1956

Shemeji wangu wa suti nyeupe,

Salamu nyingi kama majani ya kahawa! Barua yako nimeipokea, nikaisoma nikiwa nimekaa, nikaisoma nikiwa nimesimama. Sisi hatujambo. Anyesi anajua kuandika jina lake na la baba yake, la pili analiandika vizuri kuliko la kwanza.

Umesema niyaweke nyuma. Haya, nimeweka. Mwanamke akikaa na hasira miaka miwili anachoka. Kwa hiyo nimevaa viatu nikaenda kukutafutia, na sikujua kama kutafuta wapiga gitaa ni kutamu hivi!

Ngaramtoni nimemkuta Mwarusha mmoja, Lemburis, anauza ngozi siku za soko. Gitaa lake lina nyuzi nne, mbili ni waya wa breki ya baisikeli. Anapiga kwa gumba tu, vidole vingine vimelala. Lakini hilo gumba, jamani! Linatembea polepole kama ng'ombe wanaorudi nyumbani, na juu yake anaimba kitu kingine kabisa. Wanunuzi wa ngozi wanasahau kilichowaleta. Nikamuuliza nani kamfundisha, akasema hakuna, aliliona gitaa kwenye picha akajua litakuwa linasema hivyo.

Wa pili hutaamini. Ni Gurmeet, yule Kalasinga seremala wa mjini. Anatengeneza magitaa kwa mbao za masanduku ya chai, na kumbe akifunga karakana anapiga mwenyewe. Analilaza gitaa mapajani na kuteleza juu ya nyuzi kwa mpini wa patasi, linalia kama mtu mwenye jambo moyoni. Nilisimama mlangoni mpaka uji wa Anyesi nikausahau.

Hao ni hazina. Hakuna sahani duniani yenye kitu kile. Je, niwalete? Wanauliza kitu kimoja tu: majina yao yataandikwa?

Ni mimi, shemeji yako mpole,
Mama Anyesi


Nairobi
1 Julai 1956

Shemeji wangu dhahabu,

Hujambo mama! Barua yako imenifufua. Nilijua moyo wako ni mweupe.

Sikiliza lakini. Wale watu wenyewe waache huko huko. Ukimleta Mwarusha Nairobi, leo anataka jina lake, kesho anataka na picha yake, na Kalasinga ndiyo kabisa. Mimi nahitaji sauti tu. Niandikie kwa do-re-mi, kama mwalimu alivyotufundisha shuleni. Nikishaiona kwenye karatasi, mimi mwenyewe nitaivalisha, niipe rumba, nitie maneno ya kuchangamsha. Hakuna atakayejua ilikotoka, na wewe nitakutumia kitambaa kizuri cha gauni.

Fanya haraka. Studio tumepangiwa Septemba.

Shemeji yako,
Phil


Nkoaranga
5 Agosti 1956

Shemeji,

Salamu. Wazima sote, mahindi yamekomaa.

Lemburis na Gurmeet wamekataa. Lemburis amesema atakayetaka gumba lake amchukue na mwili mzima. Lakini usihuzunike, kuna mwingine, wa tatu, naye ni mkubwa kuliko hao wote. Wimbo wake huu hapa, nimeuandika vizuri ili usipate taabu:

s : s . m | r : – | d . r : m . s | l : s | m : r . d | d : – ||

Unarudiwa mara nne, na mara ya mwisho unapanda pale kwenye l. Huku kwetu hakuna asiyeujua, kuanzia Nkoaranga mpaka Kikwe, ukimwimbia mtoto anamalizia. Lakini mjini Nairobi nakuhakikishia hakuna aliyewahi kuusikia. Mwenyewe ni mtu mtulivu. Hasafiri, hadai nauli, hagombani na mtu.

Nina sharti moja dogo. Kabla hujaupiga mbele ya watu, niandikie uniulize unaitwaje na ni wa nani. Barua moja tu, Philemoni, stempu moja. Ukiniuliza nitakujibu siku hiyo hiyo na sitakuficha kitu. Nakuapia kwa jina la marehemu.

Niulize.

Shemeji yako,
Ndeshi


Nairobi
17 Oktoba 1956

Shemeji, shemeji, shemeji!

Wote hamjambo? Mimi sitaki hata kulala kwa furaha. Tumeurekodi! Niliuona ule wimbo kwenye karatasi nikajua huu ndio wenyewe. Una huzuni kidogo mwanzoni, nikaukimbiza, nikaweka maraka na tarumbeta mbili, ukawa moto. Maneno nimetunga mwenyewe, "Changamka mama, inuka tucheze, changamka." Tumeuita hivyo hivyo, Changamka Mama. Bwana Mehboob amenishika mkono mbele ya watu. Sahani zimepelekwa ng'ambo kuchapwa, zitarudi mwakani.

Lakini kabla ya hapo kuna habari kubwa. Anatutuma tuzunguke, na nimemwomba tuanze nyumbani. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili Desemba, ukumbi wa mjini Arusha, bendi nzima! Waambie watu wa Meru washuke, nataka wanione. Wewe utakaa mbele kabisa.

Habari ya jina la wimbo na mwenyewe tutazungumza nikija, si jambo la kuharibia stempu. Mwambie huyo mzee asiwe na wasiwasi.

Wako mpenzi,
Phil wa Nairobi


Nairobi
28 Desemba 1956

Ndeshi,

Sina salamu.

Umenifanyia nini? Mimi nilikuwa mdogo wako, nilikula kwenye chungu chako. Ulikaa mbele na khanga nyeusi nikadhani ni mtindo!

Ulinitazama nikipiga Roza watu wakicheza, ukatulia tu. Nikasema sasa nawaletea wimbo mpya. Nikaanza. Nikaona watu wamesimama wima. Nikadhani wamependa. Wazee wakavua kofia mmoja mmoja. Akina mama wakajifunika khanga vichwani. Hakuna aliyecheza, hakuna aliyepiga makofi, na mimi mjinga nikaona wananisikiliza kwa heshima, nikaongeza mwendo, nikaimba kwa nguvu, changamka mama, inuka tucheze. Nyuma nikasikia mtu anauliza kwa Kimeru ni nani amefariki.

Ndipo yule bibi akaja. Mwembamba, Nanyori wa Kikwe wanamwita. Alipanda jukwaani akaweka kiganja chake kwenye nyuzi, gitaa likanyamaza. Akaniambia, "Mwanangu nimemzika Jumanne kwa wimbo huu. Wewe unaniambia nichangamke?"

 Mikaeli akaja akanishika bega, akasema sikioni, "Huu unaitwa Ndesanjo. Kaka yako aliutunga kwa ajili ya mazishi yake mwenyewe. Tulimzika nao, na tangu siku hiyo kila anayezikwa mlimani hapa tunampigia. Kila mtu anaujua, Phile. Asiyeujua ni yule ambaye hakuja."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Wenzangu wa bendi hawasemi nami. Umenichimbia shimo, Ndeshi, umenifukia mbele ya watu wa nyumbani. Umefurahi?

Philemoni


Nkoaranga
10 Januari 1957

Shemeji,

Heri ya mwaka mpya. Sisi hatujambo, asante kwa kutouliza.

Unauliza nimefurahi? Nimefurahi sana! Sitakudanganya, nimefurahi mpaka nimeogopa. Uliposema "nawaletea wimbo mpya" nilishika kiti kwa mikono miwili. Uliponyakua ule wa kwanza kaka yako alinyamaza. Safari hii mlima mzima umenyamaza, ukaona kimya kinavyokuwa.

Usiseme nimekuchimbia shimo. Nilisimama pembeni mwa shimo nikakuita. Nilikuandikia niulize. Niulize jina! Ungeuliza ningekujibu neno moja, Ndesanjo, na ungelilia kwenu chumbani bila mtu kukuona. Uliona stempu ni ghali. Mtu mliyezaliwa naye aliomba jina lake likaandikwe ukakataa, mkewe akakuomba uliulize tu ukakataa. Sasa umeambiwa sikioni mbele ya ukumbi.

Kitu kimoja ndicho kilichoniuma, na hicho si chako. Nanyori sikumfikiria. Sikujua atakuja, nani angedhani mama mwenye msiba wa juzi atashuka dansini? Kumbe mwanawe alikuwa anaipenda sana Roza, akaja kuisikia kwa ajili yake. Nilikwenda Kikwe nikapiga magoti. Alininyanyua. Mimi nina wa kumwomba radhi na nimemwomba. Wewe je?

Nataka kile kile alichotaka yeye. Zile sahani za Changamka zisiuzwe. Na ya Roza ichapwe upya, jina liwe lake na mimi niwe mimi. Uende kwa huyo Bwana Mehboob useme kwa mdomo wako.

Mke wa Ndesanjo


Nairobi
26 Februari 1957

Shemeji Ndeshi,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, na Anyesi namsalimu. Mimi si mzima wala si mgonjwa. Tangu Krismasi sijalishika gitaa. Nikilishika nauona mkono wa yule bibi.

Nimekosa. Nimemkosea kaka, nimekukosea wewe. Nimemwandikia Mikaeli akate sale, lile jani letu la kuombea radhi, kwenye uzio wa marehemu mama, akuletee mikononi. Wewe ni mtu wa huko, unajua sale likiletwa halikataliwi. Lipokee, shemeji, unisamehe, yaishe.

Kwa Bwana Mehboob bado sijasema. Nikisema atanifukuza siku hiyo hiyo. Nipe muda kidogo nitafute njia. Kwanza unisamehe, halafu hayo mengine yatakuja.

Mdogo wa Ndesanjo,
Philemoni


Nkoaranga
19 Mei 1957

Shemeji Philemoni,

Nakusalimu vizuri leo, bila kejeli. Natumaini chakula unapata. Sisi ni wazima kabisa, mvua imetupita kwa wema.

Mikaeli alileta sale, majani mawili mabichi, amevaa koti la Jumapili kama inavyopasa. Nilipokea kwa mikono miwili. Sale halikataliwi, na mimi nani nilikatae? Kwa yale uliyonikosea mimi, yamekwisha. Sikudai tena hata neno. Roza nimemsamehe pia.

Lakini aliyeibiwa si mimi. Nikalichukua nikateremka nalo kaburini, nikaliweka pale kichwani kwake, nikamwambia, "Mdogo wako ameleta hili." Nikangoja kidogo. Unamjua, hakuwa mtu wa kujibu haraka.

Sasa nikupe habari, maana naona huko hawajakuambia. Ulipokaa unatafuta njia, Bwana Mehboob aliipata barabara. Zile sahani zako zilimfikia Hemant kwenye sanduku, naye akazirudisha zote bila kufungua, akaandika juu ya boksi kwamba Arusha hawauzi mazishi. Bwana Mehboob akaja mwenyewe kuuliza kulikoni. Hemant akamleta kwangu, akaketi kwenye kigoda chako cha zamani akanywa chai, nikamweleza yote tangu ile chupa ya soda. Mzee alisikiliza bila kunikatiza. Akauliza, "Na hao wengine uliowaona, wako wapi?" Nikamwambia kwanza aandike. Akauliza aandike nini. Nikasema majina. Akatoa kalamu.

Lemburis na Gurmeet wamerekodi mwezi uliopita nyuma ya karakana, mashine imeletwa na gari. Lile gumba na ile patasi pamoja, Philemoni! Gurmeet alilia akasingizia vumbi la mbao. Kwenye karatasi nyekundu yataandikwa majina yao yote mawili, na la fundi aliyetengeneza gitaa pia, ambalo ni la Gurmeet mara ya pili. Bwana Mehboob amesema nimtafutie wengine, Moshi, Mbulu, popote. Kwa hiyo ile kazi yako ya kuvumbua watu, usihangaike nayo tena. Ninayo mimi.

Na juzi imefika ile sahani ya Roza, imebandikwa karatasi mpya. Hemant aliniita nikashuka na Anyesi. Sauti ni ile ile, gitaa ni lako, bado unaimba Roza, hilo halifutiki. Lakini Anyesi alipewa sahani aishike, akasoma kwa sauti dukani, kidole juu ya karatasi: "Ndeshi wa Nkoaranga. Mtungaji, Ndesanjo." Akasoma tena. Watu waliokuwa wananunua betri wakageuka. Nililia, sioni haya kusema, nililia mpaka Hemant akaniletea maji. Jina lake limeandikwa, na aliyeliandikisha si wewe. Ulipewa nafasi tatu, ya kwanza kitandani kwake. Hayo ndiyo malipo niliyokuahidi. Tumemalizana.

Limebaki moja tu, nalo si langu. Yale majani yamekauka pale kaburini. Wewe ni mtoto wa mlima huu, unajua jani la sale halichipui hata ulimwagilie mwaka mzima. Linalochipua ni shina, na shina hukatwa na mwenyewe, hupandwa na mwenyewe. Hulikati kwa barua ya posta kwa mkono wa Mikaeli. Kwa hiyo njoo. Basi la Namanga lipo kila siku, na kibali siku hizi najua unakijua kinapotoka. Ukate shina kwenye uzio wa mama yenu, uchimbe kwa mikono yako, upande. Mikaeli na wenzake nimewaambia, watakuja wakati wowote utakaofika. Watapiga Ndesanjo mara zote nne, polepole, kama ulivyoandikwa. Utasimama na kofia mkononi mpaka mwisho, umzike kaka yako.

Ukipanda, ukishamaliza, mlango uko wazi na chai ipo. Usipokuja, hutaona tena mwandiko wangu.

Gitaa liache huko huko.

Shemeji yako,
Ndeshi wa Nkoaranga